Curry yangu ya kwanza niliipika Kisangani, nyumba nzima ikisubiri maji yamrudishe kaka

Habari za humu ndani wakuu. Wakubwa shikamooni, kama bado mmebaki wa kunizidi umri. Wadogo, marahaba, hata kabla hamjanisalimia.

Juzi mjukuu wangu alinionyesha uzi wa kijana mmoja anaomba resipi ya curry rahisi ya kupika geto. Kasema tangu azaliwe hajashika mwiko. Wengine mmemsaidia, wengine mmemcheka mpaka admin akaingilia.

Nilitaka nimjibu kwa mistari miwili nikalale. Nimeshindwa. Curry yangu ya kwanza haikai kwenye mistari miwili.

Ninayoandika yalitokea nyumbani kwetu na nilikuwepo kwa macho yangu. Sitafuti likes, umri huu nitazipeleka wapi? Asiyeamini apite, hatugombani.

Twende.

Mimi ni mzaliwa wa Kisangani, Congo. Kigoma nilikuja baadaye na nimezeekea hapa. Nazungumzia miaka ya hamsini, Mbelgiji bado anatawala na mji kwenye karatasi zake unaitwa Stanleyville. Sisi tulisema Kisangani tu.

Ukoo wetu ni wavuvi wa kwenye maporomoko. Kwa ambao hamjawahi kufika: wanaume wanasimika magogo katikati ya maji yanayochemka, wanayafunga kwa kamba za porini, halafu wananing'iniza mitego mikubwa ya kusukwa. Mtu mzima anaweza kulala ndani yake. Samaki wanaletwa na maji wenyewe. Kazi yako ni kupanda juu ya magogo na kuvuta mtego.

Kazi nzuri sana, mpaka siku gogo linapovunjika.

Kaka yangu aliitwa Alphonse. Nilimwita yaya, ndivyo kwetu tunavyomwita mkubwa wa kuzaliwa. Alikuwa fundi wa yale magogo. Alitembea juu yake huku anapiga mluzi, na baba alikuwa anamgombeza kwa ule mluzi kila siku ya Mungu.

Siku hiyo maji yalikuwa juu. Gogo likakatika, yaya akaenda na mtego wake. Baba alikuwa upande wa pili wa kamba, akaona yote. Alipofika nyumbani alinyoosha mkono tu kuelekea mtoni.

Sasa hapa nieleze desturi ya ukoo wetu, msije mkapotea mbele.

Kwetu mtu akichukuliwa na maji hajafa mpaka maji yamrudishe. Kwa hiyo hakuna kulia. Ukilia umemzika. Majirani hawaleti chakula, maana kuleta chakula ni kuleta msiba, na msiba bado haupo. Na kubwa kuliko yote: nyumba ile haili samaki. Mnaelewa ni kwa nini, sitaki kuandika. Wazee walisema mkila samaki kwa kujua kabla hajarudi, basi mmepokea malipo, na maji hayatamrudisha tena.

Nyumba ya wavuvi bila samaki, wakuu. Ni sawa na kumwambia mtu asipumue.

Baba na wajomba wakaingia kwenye mitumbwi, wakashuka na mto kutafuta. Mama akaenda kukaa kwenye mawe, anatazama maji kutwa. Mimi nikasimama na kasia langu tayari kuondoka. Baba akaninyang'anya.

"Weye hapana," akasema. "Mutoto moja kwa maji inatosha. Mpaka yaya yako arudi, hutatia muguu kwa mutumbwi."

Ilimaanisha hata kazini siendi, kwa sababu karakana ya baiskeli nilikofanya kazi ilikuwa ng'ambo ya mto. Nikabaki nyumbani, kijana mwenye nguvu zake, nafagia uwanja. Nilijisikia vibaya mpaka leo nikikumbuka nasaga meno.

Nyumbani nilibaki na mtu mmoja tu, mke wa yaya. Veronika, binti wa Yanonge, kijiji cha chini ya mto, mtu wa maji kama sisi. Tumbo lake lilikuwa limeshakuwa kubwa. Mtoto wa kwanza.

Véro, ndivyo tulivyomwita, aliacha kula.

Siyo kwamba aligoma. Alikuwa anajaribu. Mama alipika sombe, yaani kisamvu, bila samaki kabla ya kwenda kwenye mawe, Véro akatia mdomoni, ikarudi. Ndizi, ikarudi. Muhogo aliutazama tu. Akalala ameelekea ukutani, macho wazi, mikono juu ya tumbo.

Shangazi mmoja mkunga akaja kumpapasa. Alipotoka akanivuta pembeni.

"Dido, mutoto analala sana mule ndani," akaniambia. "Hapana kuchezacheza tena. Mama yake asipokula, huyu naye ataenda. Mutapoteza wawili."

Akaondoka. Mimi nikabaki nimeshika ufagio.

Wakuu, niwaambie ukweli wangu. Yaya nilikuwa nampenda kuliko baba. Kitu pekee chake kilichobaki duniani kilikuwa ndani ya lile tumbo, na mtu pekee aliyekuwepo pale wa kufanya chochote nilikuwa mimi, ambaye hata maji ya kuoga nilichemshiwa. Niliogopa sana.

Ndipo nikamkumbuka Mama Zaituni.

Huyu alikuwa jirani yetu, Mungwana, ndivyo kwetu tulivyowaita Waislamu. Mume wake alinunua samaki kwetu, yeye aliuza bizari sokoni. Kila sikukuu yao alitutumia sahani ya kuku kwenye mchuzi wa manjano, na Véro alikuwa mgonjwa wa mchuzi ule. Yaya alikuwa anamtania kwamba aliolewa na jirani, siyo na yeye.

Nikaenda kumwomba apike. Akakataa.

"Mwanangu, sipiki," akasema. "Nikileta sufuria kwenu nitakuwa nimeleta matanga. Mimi nimekaa hapa miaka, najua mambo yenu. Lakini mudomo yangu haina mwiko. Kamata kuku, washa moto kwa jiko yenu ya inje, pale karibu na lupango, mimi nitakaa huku kwangu nikwambie."

Lupango ni ua, wigo unaotenganisha nyumba. Basi ndivyo nilivyojifunza kupika: mwalimu yuko upande wa pili wa miti na matete, haoni sufuria, anasikiliza na kunusa tu.

Kijana wa geto, kaa sawa sasa, resipi ndiyo hii.

Nilichinja kuku wa mama. Kumkatakata ilikuwa vita, vipande vingine vikubwa kama ngumi, vingine huwezi kujua ni sehemu gani ya kuku.

"Tia mafuta kwanza, yapate moto," Mama Zaituni akasema. "Kitunguu kingi. Hapana haraka! Kitunguu kilainike mpaka kikuonee huruma."

Halafu kitunguu saumu na tangawizi, vimetwangwa. Halafu akanirushia kifurushi cha bizari juu ya wigo.

Nikamwaga yote kwenye mafuta ya moto. Ikaungua papo hapo. Moshi mchungu, nikakohoa mpaka machozi.

"Umeunguza!" akapiga kelele kutoka kule. "Nasikia harufu! Mwaga, anza tena!"

Nikamwaga, akanirushia kifurushi kingine, nikaanza tena. Zingatia hapa: bizari inakorogwa kwanza na maji kidogo kwenye kikombe, iwe uji mzito, ndiyo unaitia. Kisha nyanya, unakoroga mpaka mafuta yajitenge pembeni. Ukiona mafuta yamejitenga, kuku anaingia, chumvi, unageuza kila kipande kipate rangi, maji ya kufunika, unafunika, unaacha. Basi. Wanaokuambia curry ina mambo ishirini wanakuuzia viungo.

Mama Zaituni akaingia ndani kuswali. Mimi nikabaki na sufuria.

Nikaonja. Ilikuwa nzuri, lakini kwa ulimi wangu haijakamilika. Kuna kitu hakipo.

Sasa mnisikilize vizuri. Mimi sikujua kupika, ila tangu utotoni nilimwona mama akipika. Na mama, chochote anachoweka motoni, iwe sombe, iwe maharage, iwe uyoga, kabla hajafunika anapeleka mkono kwenye kibuyu kilichoning'inia juu ya jiko. Anachota kidogo, anatia. Hatazami hata. Ndani ya kibuyu kuna unga wa samaki wa moshi, waliotwangwa.

Kwetu ule haukuwa samaki. Samaki ni yule mwenye kichwa na miiba, unayemkuta kwenye sahani. Ule wa kwenye kibuyu ulikuwa ladha ya chakula, kama chumvi. Hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kuuita samaki.

Mkono wangu ukapanda, ukachota, ukatia. Nikakoroga. Nikaonja tena. Safi kabisa, nikajipongeza.

Naapa, wakuu, halikunipita hata wazo.

Harufu ikaingia ndani. Nikasikia kitanda kinalia. Nikageuka, Véro amesimama mlangoni, ameshika mwimo, uso umeisha.

"Semeki," akaniita, yaani shemeji. "Iko nini hiyo?"

"Ile ya Mama Zaituni," nikamjibu. "Nimepika miye."

Akacheka kidogo. Alikuwa hajacheka tangu siku ile. Akaja akakaa kwenye mkeka karibu na moto, akachukua sahani mwenyewe, akaipakata juu ya tumbo, akasubiri. Mimi nikachochea moto.

Jua lilikuwa bado liko juu kidogo wazee waliporudi. Baba mbele, mama nyuma. Sura ya baba ilisema yote, sikumuuliza. Wakakaa. Baba akasikia harufu ya kuku, akanipiga bega mara moja. Kwa baba yangu hiyo ilikuwa hotuba.

Sasa kwetu mwanamke mjamzito haanzi kula. Mama mkwe anaonja kwanza, ndipo anampa. Nikamchotea mama kwenye kijiko cha mti.

Mama akatia mdomoni. Akaacha kutafuna.

Mama yangu alikausha samaki kwa moshi maisha yake yote. Alikuwa anajua kwa ulimi tu samaki amekaukia kwenye kuni gani. Akanitazama. Kisha macho yake yakapanda polepole mpaka kwenye kibuyu, na mimi nikayafuata.

Kifuniko kilikuwa wazi.

Nilielewa wakati huohuo. Nikataka kusema, lakini baba alikuwa amekaa palepale.

Wekeni akilini mama alikuwa anaamini nini. Kwake, akimeza ile, amepokea malipo. Mwanawe hatarudi. Hatamwosha, hatamzika, hatajua alipo. Na akiitema, baba atauliza, sufuria itamwagwa, na kuku mwingine hakuna. Hata angekuwepo, mbele yake amekaa msichana ambaye tumbo lake linakataa kila kitu, leo ameshika sahani kwa mikono miwili.

Véro akasema, "Mama, nipe basi."

Mama akameza.

Akachukua upawa, akajaza ile sahani mpaka pembeni.

"Kula, mwana," akasema. "Iko kuku."

Véro akala. Akala mchuzi, akala nyama, akapangusa sahani kwa kidole, akaomba tena. Haikurudi. Baba alipotaka kuchota, mama akamzuia, akasema kuku ni mdogo, aachiwe mwenye tumbo. Baba hakubisha. Mimi nilisema nimeshiba kwa kuonja. Kwa hiyo katika nyumba ile aliyekula akijua alikuwa mama peke yake.

Walipoingia ndani mama alishusha kibuyu, akanikuta nyuma ya nyumba naosha sufuria.

"Hii samaki, nani aliivua?" akaniuliza.

"Yaya."

Akakikumbatia kile kibuyu.

"Bon," akasema. "Ndiyo yeye amelisha mutoto yake. Basi, funga mudomo. Papa yako asijue. Alphonse akikosa kurudi, iko miye nilikula, hapana weye, hapana Véro. Umesikia?"

Nikaitikia. Nikataka kumshika mkono, akaondoka.

(Samahani wakuu, nilisimama kidogo kunywa maji. Macho haya na simu hizi.)

Naendelea.

Yaya hakurudi.

Wajomba walishuka mpaka Yanonge, mpaka Isangi. Waliuliza wavuvi, waliuliza wa mashua za biashara zinazotoka Basoko. Kila aliyeokota maiti mtoni tulimfuata. Moja ilikuwa ya mtu mzima mwenye mvi, nyingine baba alikataa hata niambiwe ilikuwaje. Yaya hakuwemo.

Mtu wa kisasa atasema mto ule ni mkubwa, maporomoko yale yanabana watu chini ya miamba, wengi hawaonekani. Najua. Nimejisemea hivyo maisha yangu yote, na mchana huwa naamini.

Véro alizaa mtoto wa kike. Mdogo, mwembamba, lakini analia kwa nguvu. Shangazi mkunga alimwinua akasema huyu amekuja kwa kupigana. Wakampa jina Alphonsine.

Baadaye baba alichoka kusubiri. Akaita ukoo, akasema tunalia sasa, bila mwili. Tukalia, padri akaja, matanga yakafanyika juu ya shati lake la Jumapili. Siku ya kumaliza wakapika samaki, nyumba ikafunguliwa. Watu wakala. Baba akala huku machozi yanamtiririka.

Mama hakula. Akasema meno yanamuuma.

Hakula siku ile wala nyingine zote mpaka alipokufa. Mwanamke wa mvuvi, amezungukwa na samaki, ananunua nyama sokoni. Watu walisema ni uchungu. Baba naye aliamini ni uchungu. Mimi peke yangu nilijua kwamba mama anamngoja bado, kwamba anajaribu kurudisha kile alichomeza.

Na kingine kinaniuma zaidi. Alphonsine alikuwa mjukuu wake wa kwanza, na mama alimtunza vizuri, alimvisha, alimpeleka shule ya masista. Lakini mtoto alipokuja kumrukia mapajani, alimshika kidogo tu, halafu anamshusha. Kila mara anamshusha. Nilikuwa namwona mtoto anavyosimama pale akisubiri, na nilikuwa najua mama anaona nini akimtazama. Ukinunua kitu kwa bei ile, hata ukikipenda, mikono haitulii. Sikumlaumu. Nilimhurumia mtoto, nikamhurumia na mama, nikakosa pa kusimama.

Siku moja tulikuwa wawili, anachambua mchele, akaniuliza bila kuinua kichwa:

"Dido, kama ingekuwa weye, ungemwaga?"

Nikasogea nikaanza kuchambua naye. Hakurudia swali.

Mama alipofariki nilikuwa nimeshahamia Kigoma, nikarudi kumzika. Baada ya mazishi nikamweka chini Alphonsine, mwanamke mzima tayari, ana watoto wake, na nikamweleza yote. Kibuyu, kijiko, alichosema mama. Nilidhani ana haki ya kujua kwa nini alikuwa anashushwa mapajani.

Alisikiliza mpaka mwisho, mikono amekunja. Akatazama upande wa mtoni. Nilitegemea alie au anitukane, vyote nilikuwa tayari.

Akasema, "Tonton, mule tumboni miye nilikuwa tu na njala."

Tonton ni baba mdogo, njala ni njaa. Akaondoka kwenda kuwapikia wageni.

Wakuu, funzo nililopata ni hili. Ukijifunza kupika, jifunze kwanza nani anakula na nini hakiwezi kupita kooni kwake. Viungo ni rahisi, hata mimi niliviweza nikiwa nafundishwa nyuma ya wigo. Na kile ambacho mkono wako unakitia bila kuuliza, hicho ndicho kitazame mara mbili.

Kijana wa geto, pika kuku wako, usiunguze bizari, utaniambia ilivyokuwa.

Nyinyi wengine, wenye mama na wenye watoto, mniandikie hapa chini. Semeni tu ukweli, msinifariji, mimi ni mzee. Mngekuwa mmekaa pale alipokaa mama, kijiko mdomoni, na yule binti ameshika sahani: mngemeza, au mngetema?